Makofi ya Manyovu

Barua ya ajira ilisema Manyovu.
Nikafunga sanduku Ipuli, Tabora,
nikapanda treni na viatu vipya vya kuanzia kazi.
Hakuna aliyeniambia kuhusu ukungu wa mlimani,
unavyoingia darasani kabla ya watoto
na kukaa dawati la mbele.

Siku ya kwanza, saa moja kasoro,
darasa la kwanza walinisubiri mlangoni.
Walichuchumaa wote, thelathini na wanane,
wakakunja viganja, wakaanza:
pwa, pwa, pwa,
taratibu, macho chini, hakuna anayecheka.
"Mwakeye, mwalimu. Mwakeye."
Na mimi, cheti changu bado kinanuka wino,
nilidhani nazomewa.
"Acheni kelele! Simameni! Mikono nyuma!"

Mikono ikaenda nyuma.

Wiki mbili tukasalimiana kwa kanuni:
shikamoo mwalimu, marahaba, kaeni.
Sauti moja. Ubao ukajaa a, e, i, o, u.
Nikamwandikia mama: darasa langu lina nidhamu.

Halafu Jumatano, tukihesabu vijiti,
akaja Bibi Skolastika, bibi yake Gervas,
kanga mbili na sweta la mwanamume,
udongo mwekundu hadi vifundoni,
mkononi chupa ya mawese imezibwa kwa gunzi.
Swali lake alilibeba tangu bondeni:
"Mjukuu wangu siku hizi anarudi hana mikono.
Ananisalimu kwa mdomo mtupu.
Nikasema niende shule,
labda imebaki huko, niichukue."

Kabla sijajibu, akachuchumaa.
Mzee yule, magoti yakimlia kama kuni mbichi motoni,
mbele yangu mimi wa miaka ishirini na minne,
akapiga makofi, akauliza nimeamkaje.
Akauliza nyumba yangu, na mama yangu asiyemjua,
na mvua ya kwetu,
na ng'ombe ambao sina.
Kila swali na kofi lake.

Kwetu mtu mzima hamshukii mtoto.
Nikashuka mbio, chaki ikavunjika mfukoni,
nikapiga makofi niliyoyajua,
ya mpirani,
yale ya goli.

Darasa likapasuka kwa kicheko.
Bibi hakucheka. Wala Gervas.
Gervas alitoka dawatini bila ruhusa,
akanishika viganja, akavikunja,
akakilaza kimoja juu ya kingine, mkingamo:
"Mwalimu, acha nafasi ya kifaranga.
Ukibana, anakufa."

Nikajaribu. Nikajaribu tena.
Mara ya nne ikatoka: pwa.
Na wale thelathini na saba wakaitikia toka madawatini,
vijiti vikaanguka sakafuni, hakuna aliyeviokota.
Andalio langu la siku ile bado lina maneno:
somo halikukamilika.
Sikuyafuta.

Likizo ya Desemba nikarudi Ipuli.
Bibi yangu alikuwa uani, anapepeta karanga.
Nikachuchumaa, nikakunja viganja, nikapiga.
"Unaua mbu?"
Nikamweleza nilikofundishwa, na walionifundisha,
na umri wao, miaka saba, wengine sita na nusu,
meno ya mbele hawana.
Akanitazama kitambo.
Akaweka ungo chini,
akafuta maganda kwenye kanga,
akainua viganja vyake, vilivyokwisha kupinda vyenyewe
kwa miaka ya kushika mpini,
na bila kuelekezwa na mtu,
mara ya kwanza tu,
ikatoka.